London ya Januari: ratiba ifuate mwanga

Kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu haitulii. Anapiga mama mwenye mjukuu mpya Uingereza, wanapiga mume na mke waliodunduliza miaka miwili ili wakalione jiji, anapiga ndugu aliyeko Muscat anayetaka kukutana na dada yake London. Swali la kwanza huwa lilelile: "Huko baridi ni kali kiasi gani?" Nimekuwa nikipanga safari za London kwa miaka 14, na kabla ya hapo niliishi huko majira manne ya baridi. Jibu langu halijabadilika. Baridi utaizoea siku ya pili. Kinachowashinda watu wetu ni giza, kwa sababu hakuna aliyewaambia wajiandae nalo.

Mtu wa Tanga, Mombasa au Bujumbura amekulia chini ya jua la ikweta. Jua likishachomoza tunaanza kuhesabu saa za mchana, likishazama tunaanza kuhesabu za usiku, na mwaka mzima hesabu hiyo haiyumbi sana. Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua hilo. Sasa ichukue saa hiyo uende nayo London tarehe 21 Desemba. Jua linatoka saa mbili asubuhi imeshapita. Linazama saa kumi kasoro dakika saba. Mwanga wa siku nzima hautimii saa nane. Na hata likiwa juu, juu kwenyewe ni padogo: saa sita mchana linaning'inia upande wa kusini, karibu na mapaa ya nyumba, na kivuli chako kinalala barabarani karibu mara nne ya urefu wako. Kwetu saa sita mtu anakanyaga kivuli chake.

Waislamu wanaliona jambo hili kwa haraka zaidi kuliko wengine. Wiki hiyo ya mwisho wa Desemba, Adhuhuri inaingia mnamo saa sita, Alasiri saa saba na nusu na ushee, Magharibi kabla ya saa kumi. Sala tatu ndani ya saa nne. Nimewahi kuwa na wageni waliopitwa na Alasiri wakiwa ndani ya makumbusho, si kwa uzembe, ila miili yao ilikuwa bado inaisubiri saa kumi. Weka programu ya nyakati za sala kwenye simu, uiwekee jiji la London, na uiamini kuliko mazoea.

Juu ya hilo kuna tofauti ya saa. Majira ya baridi London iko nyuma ya Tanzania na Kenya kwa saa tatu. Wakati wao wa joto inakuwa mbili, kwa kuwa husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Maana yake, ikifika saa moja usiku kwenye saa ya ukutani kule, mwili wako unajua ni saa nne. Umezungukwa na giza tangu saa kumi, umetembea, umekula, na kitanda kinakuita. Ratiba inayokupeleka kwenye onyesho la saa mbili usiku siku ya kwanza ni ratiba iliyoandikwa na mtu asiyekujua.

Lakini upande wa pili wa jambo hilohilo ni zawadi. Utaamka saa kumi usiku za London ukiwa umeshiba usingizi, kwa sababu kwetu imeshatimia saa moja asubuhi. Unaoga bila haraka, unachemsha chai chumbani, unapiga simu nyumbani wakati watu wako wanakunywa yao. Na mapambazuko, ambayo katika nchi nyingi msafiri mvivu hayaoni kamwe, hapa yanakusubiri mpaka saa mbili. Napenda kuwapeleka wageni wangu kwenye daraja la Waterloo asubuhi ya kwanza iliyo kavu. Ukisimama katikati, upande mmoja unaona kuba la kanisa la St Paul's na majengo marefu ya City, mtaa wa mabenki, upande mwingine Bunge na gurudumu la London Eye. Wafanyakazi wanapita mbio wakiwa wameinamisha vichwa, na wewe umesimama unatazama mbingu ikigeuka kutoka rangi ya jivu kuwa ya waridi. Hakuna kiingilio wala foleni.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyopanga siku. Kitu kimoja cha nje, kati ya saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa mchana. Kitu kimoja cha ndani, kinachoanza mwanga ukielekea kuondoka. Vyote viwili viwe mtaa mmoja au mitaa inayopakana. Chakula cha jioni saa kumi na mbili, karibu na pale unapolala. Mteja akiniletea orodha ndefu zaidi ya hiyo, namwomba achague, na asipoweza kuchagua tunaongeza siku.

Tarehe gani

Wengi wanataka Krismasi, nami nawaelewa. Mti wa Trafalgar Square ni zawadi ambayo watu wa Oslo wameituma kila mwaka tangu 1947, shukrani ya msaada wa wakati wa vita. Taa za Regent Street na Oxford Street zinapendeza kweli. Ukizitaka hizo, nenda wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, urudi kabla ya tarehe 20. Vyumba vitakuwa ghali, lakini jiji litakuwa linafanya kazi.

Tarehe 25 Desemba jiji halifanyi kazi. Hakuna treni ya chini ya ardhi, hakuna basi, hakuna treni ya kawaida. Maduka mengi na makumbusho yote makubwa yamefungwa, na makumbusho hayo kwa kawaida hufungwa tarehe 24 hadi 26. Tarehe 26 usafiri unarudi kwa kusuasua, na shirika la reli hutumia siku hizo kufanya matengenezo, hivyo njia nyingine hukaa zimefungwa mpaka baada ya mwaka mpya. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimkatia familia moja tiketi ya kufika Heathrow asubuhi ya tarehe 25 kwa sababu ilikuwa nafuu sana. Walisimama uwanjani na watoto watatu. Teksi waliyoipata hatimaye ilimeza kila shilingi tuliyookoa kwenye tiketi, na simu ya yule baba bado naikumbuka. Tangu siku hiyo, kama mtu hana ndugu wa kumpokea na gari, simpangii kufika tarehe hiyo.

Mimi napenda Januari, kuanzia wiki ya pili. Shule zimefunguliwa, bei ya vyumba imeshuka, maduka bado yako kwenye punguzo lililoanza tarehe 26 Desemba, na unaweza kusimama mbele ya picha kwenye National Gallery bila kusukumwa. Mwanga nao umeanza kurudi. Tarehe 15 Januari jua linazama kama saa kumi na dakika ishirini, mwisho wa Februari ni saa kumi na moja na nusu. Nusu saa hiyo ya Januari inaonekana ndogo ukiisoma hapa. Ukiwa kule, mtaani, utaishukuru.

Neno moja kwa mashabiki wa mpira, kwa sababu najua mnasoma. Mwisho wa mwaka Ligi Kuu ya Uingereza inacheza mechi nyingi, lakini tarehe na saa huhamishwa kwa ajili ya televisheni, na tiketi za timu kubwa huenda kwanza kwa wanachama. Usijenge safari ya siku tano juu ya mechi moja, na usinunue tiketi kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni. Ziara ya ndani ya uwanja ni raha ya kutosha. Wapenzi wa Arsenal wanashuka kwenye kituo chenye jina la timu yao, kilichobadilishwa jina mwaka 1932. Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi pale kwenye ngazi.

Shangazi na orodha ya sehemu kumi na moja

Shangazi yangu wa Tanga alikwenda London mara ya kwanza akiwa na miaka 64. Ofisi iliyompangia ilimpa karatasi ya siku moja yenye sehemu kumi na moja, kila moja na saa yake. Alifika ya sita. Aliniambia baadaye kwamba alijikuta saa kumi na moja jioni kwenye kituo cha basi, gizani, miguu imekufa ganzi, na hajui kama ameona jiji au amekimbizwa na jiji. Aliporudi mara ya pili, Januari, akiwa na miaka 67 na magoti yanayolalamika, nilimwomba aniachie mimi, na nikaenda naye.

"Shangazi, leo tunakwenda sehemu moja tu," nikamwambia asubuhi.

"Moja? Mwanangu, nauli yote ile?"

Tulikwenda Kew, bustani ya mimea iliyo magharibi mwa jiji, kwa njia ya District ya treni ya chini ya ardhi. Nje kulikuwa na nyuzijoto nne na manyunyu membamba yasiyokoma, yale yanayokulowesha bila kukupa sababu ya kufungua mwavuli. Tulitembea taratibu kwenye njia pana, miti imepukutika, bata bukini wanatazama. Dakika arobaini hivi. Kisha nikamfungulia mlango wa Palm House, nyumba ya vioo iliyokamilika mwaka 1848, ambayo ndani yake wanatunza mimea ya nchi za joto.

Miwani yake ikaingia ukungu papo hapo. Akasimama mlangoni haoni kitu, mkono mmoja umenishika. Halafu akavuta pumzi. Ndani mle kuna harufu ya udongo uliolowa na majani, harufu ya shambani baada ya mvua, na joto linalokuvaa usoni kama mvuke wa sufuria. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Akavua koti. Akavua glavu, moja baada ya nyingine, akaziweka mfukoni. Akaanza kupita mti kwa mti akigusa vibao vya majina, na alipofika kwenye mchikichi na mbuni akawa haongei na mimi tena, anaongea nayo. "Na wewe wamekuleta huku," aliuambia mbuni. "Haya, vumilia." Tulikaa mle zaidi ya saa nzima. Kuna ngazi ya chuma ya kuzunguka inayopanda hadi juu penye njia ya kutazamia vilele vya miti. Magoti yake hayakumruhusu, nikapanda peke yangu, nikamwona chini amekaa kwenye benchi, koti mapajani, ametulia kabisa.

Kew ina kiingilio, na majira ya baridi inafunga mapema, kwa hiyo kata tiketi mtandaoni na uangalie kama Palm House iko wazi siku hiyo, maana nyumba ya umri ule inahitaji matengenezo. Ikifungwa kuna Temperate House na nyumba nyingine za vioo. Ninachotaka ukione ni mpango wenyewe: mwanga wa mchana ulitumika kutembea, joto la ndani likapokea pale baridi ilipoanza kuuma, na saa kumi tulikuwa tunakunywa chai.

Mtaa mmoja kwa siku

Wageni wangu wengi nawalaza Bloomsbury au karibu na King's Cross. Sababu ni tatu. Njia ya Piccadilly inatoka Heathrow moja kwa moja bila kubadilisha treni, kama saa moja hivi. Kituo cha King's Cross kina lifti mpaka kwenye jukwaa la treni, na jambo hili usilidharau: vituo vingi vya Tube, hiyo treni ya chini ya ardhi, ni vya zamani na ngazi zake ni nyingi. Ya tatu ni kwamba mtaa wenyewe unatosha kwa siku nzima.

British Museum iko hapo. Ilianzishwa mwaka 1753 na kuingia ni bure. Weka nafasi mtandaoni ili usisimame kwenye foleni nje. Usijaribu kuimaliza. Mimi huwapeleka watu kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni zana za mawe kutoka Olduvai, zilizookotwa na Louis Leakey mwaka 1931. Moja inakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.8, na ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa na mkono wa binadamu katika jumba lote lile. Ni jiwe la kukamata mkononi, limechongwa upande mmoja. Mtanzania anayesimama mbele yake anajisikia tofauti na mtalii mwingine. Cha pili ni ukumbi wa Afrika, chumba namba 25, ghorofa ya chini, ambamo utaona mti mzima uliotengenezwa Msumbiji kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita. Ijumaa jumba linafungwa saa mbili na nusu usiku, na jioni hiyo ndiyo tulivu kuliko zote.

Mita chache kutoka hapo, Russell Square, kuna SOAS, chuo ambacho Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi na ambacho maktaba yake inahifadhi miswada ya kale ya Kiswahili, tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sehemu kubwa ya watu hupita nje tu. Mimi husimama kidogo. Na ukishuka kwa miguu hadi Aldwych utaona Bush House, jengo la nguzo kubwa ambalo Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilitangazia kwa miaka mingi. Idhaa ilianza 1957, na BBC ilihama jengo hilo mwaka 2012. Ukiwa na mzee aliyekua akisikiliza redio ya mawimbi mafupi, mpeleke. Dakika tano zinatosha, na atazisimulia mwaka mzima.

Siku nyingine ni ya Westminster. Watu wanaijua kwa saa yake kubwa, lakini ndani ya Westminster Abbey, kwenye sakafu ya katikati ya kanisa, kuna kaburi la David Livingstone. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, na mwili wake ukabebwa kwa miguu hadi Bagamoyo na wasafiri wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma. Safari ya miezi. Maandishi ya jiwe la kaburi yanawataja kama mikono ya uaminifu tu, bila majina. Mimi nikifika huyataja majina yao kwa sauti ya chini. Kuingia kutazama kanisa kuna kiingilio cha kutosha. Kuhudhuria ibada hakulipiwi, na siku nyingi ibada ya jioni yenye kwaya inaanza wakati giza limeshatanda.

Greenwich inahitaji siku kavu. Nenda kwa boti ya abiria ya mto Thames ukiweza, panda kilima taratibu hadi penye mstari ambao saa za dunia zinahesabiwa kutoka hapo, utazame jiji lote chini yako. Hapo ndipo namba ile ya "saa tatu mbele" inapotoka kwenye kitabu cha jiografia na kuwa mahali. Kupanda kilima ni bure. Kuingia kwenye jumba la kuchunguzia nyota kunalipiwa. Usifike baada ya saa nane mchana, utakuta mwanga unakuaga.

Ukiwa na watoto, South Kensington ndiyo siku yao: Natural History Museum, yenye mifupa ya nyangumi wa mita 25 inayoning'inia ukumbini, na Science Museum mlango wa pili. Zote bure, zote zina joto, hata hamtakumbuka kwamba nje kunanyesha.

Na kwa jioni moja, weka nafasi Sky Garden, bustani iliyo juu ya jengo refu la Fenchurch Street. Ni bure lakini tiketi zinatolewa wiki chache kabla na zinakwisha haraka. Chagua saa tisa na nusu. Utapanda kukiwa na mwanga na kushuka taa zikiwa zimewaka jiji zima, bila kutoka nje hata mara moja.

Kupanda, kuvaa, kula

Basi ndilo gari la msafiri asiye na haraka. Panda ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Namba 15 inaanzia jirani na Trafalgar Square, inapita St Paul's na ngome ya Tower of London, na jioni taa zote zinapita mbele ya macho yako ukiwa umekaa kwenye joto. Mabasi hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi ya benki, na ndani ya saa moja tangu ulipogusa mara ya kwanza unaweza kubadilisha mabasi kwa nauli ileile. Kwenye Tube unagusa kuingia na kugusa kutoka, na kuna kiwango cha juu cha siku ambacho ukikifikia hukatwi zaidi. Kila mtu mzima awe na kadi yake, na aliyeingia kwa kadi asitoke kwa simu, hata kama akaunti ni ileile: mashine inawahesabu kama watu wawili, na wote wawili wanatozwa nauli kubwa. Watoto chini ya miaka 11 wanasafiri bure wakiwa na mtu mzima.

Kuhusu nguo, London ya Januari mchana huwa nyuzijoto saba au nane, usiku tatu. Aliyezoea kipupwe cha Njombe au Limuru haimtishi sana. Theluji si ya kawaida. Upepo na unyevu ndio wenyeji. Kosa ninaloliona ni mtu kuvaa koti moja zito kama godoro juu ya fulana nyembamba. Akiingia kwenye treni anatoka jasho, akitoka nje jasho linapoa mgongoni. Vaa tabaka: nguo ya ndani ya kubana, shati, sweta, na koti lisilopitisha maji wala upepo. Kofia inayofunika masikio. Na viatu, jamani, viatu: soli nene isiyoteleza, visivyobana ukivaa soksi nzito, na uwe umevivaa nyumbani wiki mbili. Magoti ya shangazi yaliokolewa na viatu kuliko dawa. Huna haja ya kununua kila kitu hapa kwa bei ya kuruka. Beba koti na viatu, vingine utavipata kule Primark au kwenye maduka ya hisani yanayouza mitumba safi kwa bei ya kushangaza. Beba mafuta ya mgando. Joto la mashine ndani ya nyumba hukausha ngozi kuliko baridi ya nje, na midomo hupasuka siku ya pili.

Chakula hakisumbui. Halali ipo kila mtaa, Edgware Road kwa vyakula vya Kiarabu, Whitechapel kwa pilau na mchuzi wa Kibangali na Kipakistani. Usibebe samli, jibini wala nyama ya kukausha kwenye begi kwa ajili ya watoto walioko kule. Bidhaa za nyama na maziwa haziruhusiwi kuingia, na nimemwona mama akinyang'anywa samli aliyoisindika mwenyewe. Iliniuma kama yangu.

Viza nitaisema kwa ufupi kwa kuwa nimeshaiandikia. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anaihitaji. Maombi yanapokelewa hadi miezi mitatu kabla ya safari, na majibu ya kawaida huchukua wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa Januari, omba mapema Novemba, kabla ya msongamano wa Krismasi. Wenye pasi za Oman, Marekani au nchi nyingi za Umoja wa Ulaya hawaombi viza ya matembezi, ila lazima wapate kibali cha kielektroniki kabla ya kupanda ndege. Wako waliorudishwa kaunta kwa kukisahau.

Siku ya kufika na siku ya kuondoka

Ndege nyingi zinazotoka kwetu zinatua Heathrow alfajiri. Vyumba vya hoteli vinafunguliwa saa tisa mchana. Angalia tena saa ya jua: unakabidhiwa chumba mwanga unapoondoka, baada ya kuzurura siku nzima bila kulala. Kwa wazee mimi hulipia usiku wa kabla yake, ili wakifika saa tatu asubuhi kitanda kiwe tayari. Ni gharama, ndiyo, na ndiyo gharama ambayo sijawahi kusikia mtu akiijutia. Asiyeweza, aache mizigo mapokezi, apate supu ya moto, atembee saa moja kwenye mwanga, kisha akae mahali penye viti na joto mpaka muda ufike.

Ndege yako ya kurudi ikiondoka usiku, siku ya mwisho ina mchana mzima. Usiijaze. Nilimwambia shangazi achague anachotaka kurudia, nikidhani atasema Kew. Akasema lile daraja. Tukaacha mabegi hotelini, tukaenda Waterloo saa nne asubuhi, jua lilikuwa limetoka kweli siku ile, jepesi, la pembeni. Alisimama akiliegemea kingo, akampigia bibi yetu mdogo aliyeko Pangani kwa video, akamzungushia simu taratibu kutoka St Paul's mpaka kwenye Bunge. "Umeona? Hapo ndipo. Hapana, hakuna theluji. Ni jua, hilo hapo, dogo."

Saa kumi na nusu tulikuwa kwenye treni ya Heathrow. Baada ya Hammersmith inapita juu ya ardhi, na taa za jikoni za watu zilikuwa zinapita dirishani moja moja. Nikageuka kumwonyesha, nikamkuta ameshapitiwa na usingizi, kofia yake ya sufu mapajani.